Uvimbe wa pituitari unapohama: saratani inayojulikana kwa nyayo zake

Majibu mawili yako mezani kwa daktari na hayapatani. La kwanza ni la MRI ya kichwa: kile kipande cha uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kilichobaki baada ya upasuaji kiko vilevile kilivyokuwa mwaka jana, hakijaongezeka hata milimita. La pili ni la damu: homoni ya prolaktini, iliyokuwa imetulizwa na dawa, imepanda mara kumi. Mgonjwa hajaacha dawa, si mjamzito, wala hajaanzishiwa dawa nyingine. Kipimo kinarudiwa, jibu linakuja lilelile. Hapo linabaki swali ambalo madaktari wengi hustaafu bila kuwahi kukutana nalo: kama homoni hii haitoki kwenye kile kipande kinachoonekana kichwani, inatoka wapi?

Mara chache mno jibu huwa ini, au mfupa wa nyonga, au utando unaofunika uti wa mgongo. Chembe za uvimbe zimetoka kwenye tezi, zimesafiri, zimepata makazi mapya na zinaendelea na kazi ileile ya kutengeneza homoni huko zilikofikia. Huu ndio ugonjwa uliojulikana kwa miaka mingi kama saratani ya pituitari. Ugumu wake hauko kwenye uchache wake tu. Uko kwenye jambo ambalo hata wauguzi na madaktari wa fani nyingine hulisikia wakashangaa: hakuna mtu anayeweza kuangalia uvimbe wa kwanza kwenye hadubini na kusema, huu ni saratani. Unathibitishwa kwa kukutwa mahali ambapo haukupaswa kuwa.

Tuanze na tezi yenyewe. Pituitari inalingana na punje ya njegere, ina uzito wa nusu gramu hivi, na imekaa kwenye kishimo cha mfupa katikati ya sakafu ya fuvu, nyuma kabisa ya pua. Wanaanatomia wa kale waliona kishimo hicho kinafanana na tandiko la farasi, wakakiita tandiko la Kituruki, na jina hilo halijabadilika hadi leo. Kutoka hapo tezi hii ndogo inaamrisha tezi ya thairoidi shingoni, tezi za adrenali juu ya figo, ovari na korodani, ukuaji wa mifupa, maziwa ya mama, na hata kiasi cha maji ambacho figo zinaruhusiwa kumwaga. Ujirani wake ni wa hatari. Juu yake ndipo neva za macho zinapokutana na kupishana. Kushoto na kulia kuna mabwawa ya damu ya vena ambamo hupita ateri kubwa inayolisha ubongo pamoja na neva zinazogeuza mboni za macho. Mlango wa pili wa chembe za uvimbe kutokea, mbali na damu, ni maji ya ubongo yanayozunguka hapo juu na kushuka hadi chini ya mgongo.

Uvimbe kwenye tezi hii si jambo geni hata kidogo. Watafiti waliojumlisha ripoti za uchunguzi wa maiti na za picha za vichwa, wakachapisha hesabu yao mwaka 2004, walikadiria kuwa karibu asilimia 17 ya watu wanao. Ni kama mtu mmoja katika kila sita, na wengi wao huishi na kuzeeka bila kujua. Uvimbe unaoleta shida mpaka mtu akatafuta tiba unapatikana kwa takriban mtu 1 kati ya 1,000. Unaosambaa ni asilimia 0.1 hadi 0.2 ya uvimbe wote wa pituitari. Nazisisitiza tarakimu hizi kwa makusudi, kwa sababu msomaji mwenye uvimbe wa milimita nane uliogunduliwa juzi anaweza kufika hapa akiwa na hofu ambayo haimhusu. Kwa karibu nyote, ugonjwa unaozungumzwa hapa si wenu.

Hadubini inaona nini, na inashindwa wapi

Kipande kinachotolewa na daktari wa upasuaji huwa kidogo, pengine cha ukubwa wa punje chache za mchele. Kinatiwa kwenye dawa ya kukihifadhi, kinagandishwa ndani ya nta, kisha kinakatwa utepe mwembamba kuliko unywele na kupakwa rangi. Tezi yenye afya inaonekana kama vijiota vya chembe, kila kijiota kimezungushiwa wavu mwembamba wa nyuzi. Kwenye uvimbe wavu huo umekatika na vijiota vimeyeyukiana kuwa shuka moja la chembe zinazofanana. Mtaalamu wa patholojia akiona wavu umevunjika, anajua ana uvimbe mkononi. Kisha anapaka kemikali zinazotambua homoni na protini zinazoongoza aina ya chembe, apate kujua ni ukoo gani: wa prolaktini, wa homoni ya ukuaji, wa ACTH inayoamsha adrenali, au mwingine.

Kwenye titi au utumbo mpana, mtaalamu huyohuyo angekwenda hatua moja zaidi. Angetazama kama chembe zimevuka mpaka wao na kuingia kwenye nyama jirani, na kuvuka huko kungetosha kumfanya aandike saratani. Kwenye pituitari kigezo hicho hakifanyi kazi. Uvimbe wa kawaida kabisa, usiowahi kusambaa kokote, unaweza kutafuna mfupa wa chini yake au kuingia kwenye bwawa la damu pembeni. Kuvamia majirani kunamaanisha upasuaji utakuwa mgumu, hakumaanishi saratani.

Basi mtaalamu anahesabu. Kuna protini iitwayo Ki-67 ambayo hujitokeza kwenye chembe zilizo katika mzunguko wa kugawanyika. Ikipakwa rangi, viini vya chembe hizo vinakuwa vya kahawia katikati ya vingine vya bluu. Vikiwa 3 au zaidi katika kila 100, uvimbe unawekwa chini ya ulinzi. Anahesabu pia chembe zilizokutwa zikigawanyika waziwazi, na anaangalia protini ya p53, ambayo ikirundikana huashiria kwamba breki ya ukuaji imeharibika. Siku hizi huongezwa pia protini ya ATRX: uvimbe wa ukoo wa ACTH uliopoteza protini hii umeonekana mara nyingi zaidi miongoni mwa ule mkali na ule unaosambaa.

Lakini hizi zote ni tetesi. Upo uvimbe wenye Ki-67 ya asilimia 10 ambao haukusambaa, na upo wenye asilimia 1 uliokuja kukutwa kwenye ini. Isitoshe, hata kipande kilichotolewa kwenye hilo ini kinaweza kuwa na sura ya upole uleule. Kinachokifanya kiwe saratani ni anwani yake. Kimekutwa mbali na tandiko la Kituruki, hakijaungana na uvimbe wa mwanzo, na kina alama za chembe za pituitari. Kama hakijaachana na uvimbe wa mwanzo, yaani uvimbe umekua tu na kuendelea kutambaa kutoka pale ulipokuwa, huo bado hauitwi usambaaji hata ukifika mbali.

Majina nayo yameongeza mkanganyiko. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2004 ulikuwa na ngazi tatu: adenoma ya kawaida (adenoma ni uvimbe wa tezi usio saratani), adenoma isiyo ya kawaida, na kasinoma, yaani saratani. Ngazi ya katikati ilishindwa kazi iliyopewa, maana haikutabiri nani atasambaa, na ikaondolewa mwaka 2017. Toleo la 2022 likaenda mbali zaidi, likaweka kila uvimbe wa aina hii chini ya jina moja, uvimbe wa nyuroendokrini (wa chembe zenye tabia za neva zinazotoa homoni) wa pituitari, kwa kifupi PitNET. Kilichoitwa kasinoma kikawa PitNET iliyosambaa. Waliopendekeza wana hoja: chembe hizi ni za jamii moja na zile za nyuroendokrini za kongosho na utumbo, na mstari kati ya upole na ukali hauchoreki. Madaktari wengi wa homoni walipinga, na kwa maoni yangu wana haki. Mtu mwenye kivimbe kinachotulizwa na kidonge mara mbili kwa wiki amewekwa kwenye daftari moja na wagonjwa wa saratani, akaachiwa kazi ya kuielezea familia yake na kampuni yake ya bima kwamba mambo si kama yanavyosomeka. Ndiyo maana kwenye faili moja unaweza kukuta adenoma, PitNET na uvimbe mkali, vyote vikimaanisha kitu kilekile kimoja. Ukikuta hivyo, usihesabu magonjwa matatu.

Nani husambaa, na kwa njia gani

Koo mbili hutoa sehemu kubwa ya wagonjwa: ile inayotengeneza ACTH na ile inayotengeneza prolaktini. Hadithi yao hufanana. Mtu hugunduliwa na uvimbe mkubwa, sio mdogo. Anapasuliwa, unarudi. Anapigwa mionzi, unatulia, unarudi tena. Uvimbe wa prolaktini uliokuwa ukisikia dawa ya kabergolini unaanza kukaidi, dozi inaongezwa na bado homoni inapanda. Kati ya kugunduliwa mara ya kwanza na kuonekana kwa usambaaji hupita kwa wastani miaka 5 hadi 7, ingawa wapo waliofikishwa huko na miezi michache tu na wapo waliokaa zaidi ya miaka 15. Urefu huo ndio unaoponza. Daktari aliyempasua mgonjwa mara ya kwanza huenda ameshahama, CD za picha za zamani zimepotea, na anayemwona leo anaona ukurasa wa mwisho tu wa kitabu kirefu.

Kundi moja lina hatari ya pekee. Baadhi ya wagonjwa wa ACTH, kotisoli yao, ile homoni ambayo adrenali huitoa zikiamshwa na ACTH, inaposhindikana kushushwa, huondolewa tezi zote mbili za adrenali. Kotisoli inaisha siku hiyohiyo. Lakini kotisoli ndiyo iliyokuwa ikiubana kidogo uvimbe wa kichwani. Ikiondoka, uvimbe unaweza kufunguka na kukua, ACTH inapanda sana, na ngozi ya mgonjwa inakuwa nyeusi kuliko ilivyokuwa, hasa kwenye vifundo vya vidole, kwenye fizi na kwenye makovu. Don Nelson na wenzake waliieleza hali hii mwaka 1958 na bado inaitwa kwa jina lake. Si wengi wanaofika kwenye usambaaji kutokana nayo, ila ukiwakusanya waliosambaa wa ukoo wa ACTH, wenye historia hii huonekana miongoni mwao kupita ungetarajia.

Safari zenyewe ni mbili. Chembe zikiangukia kwenye maji ya ubongo, zinashuka na mkondo na kuota juu ya ubongo, kwenye ubongo mdogo wa kisogoni, au kwenye neva za mgongo. Hapo mgonjwa hulalamika maumivu ya mgongo yasiyoisha, miguu kukosa nguvu, kuyumba anapotembea, au sikio moja kupoteza usikivu. Zikiingia kwenye yale mabwawa ya damu ya pembeni, zinapita hadi kwenye vena kubwa ya shingo, kisha moyoni, na kutoka hapo hufika kwenye mapafu, ini na mifupa. Tezi za limfu za shingoni nazo hupata wageni, hasa pale uvimbe ulipokwisha kutoboa mfupa wa chini ya fuvu. Kinundu shingoni kwa mtu aliyewahi kupasuliwa pituitari kisichukuliwe kirahisi kuwa ni cha koo kuuma.

Upo pia mkanganyiko wa upande wa pili, na huu hutokea mara nyingi zaidi kuliko ugonjwa wenyewe: saratani ya mahali pengine kuja kutua kwenye pituitari. Titi na mapafu ndivyo vyanzo vikuu. Kwenye MRI vitu hivi viwili vinaweza kufanana kabisa, lakini kuna kidokezo kinachopatikana kwa kumuuliza mgonjwa tu: anakunywa maji kiasi gani, na anaamka mara ngapi usiku kukojoa? Sehemu ya nyuma ya tezi, inayotoa homoni ya kubana maji, inapata damu moja kwa moja kutoka kwenye ateri, kwa hiyo saratani inayosafiri kwa damu hupenda kutua hapo. Mtu anakojoa lita nyingi za mkojo mweupe kama maji na kiu haimwishi. Uvimbe uliozaliwa kwenye pituitari yenyewe, hata mkubwa, ni nadra kuleta hali hiyo kabla ya upasuaji. Anayefika na uvimbe wa pituitari pamoja na kiu ya namna hiyo anapaswa kuulizwa habari za titi na kifua kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji.

Kuufuatilia

Kumbe kinachohitajika zaidi ya mashine ni mpangilio wa tarehe. Picha za miaka yote ziwekwe pamoja na zipimwe upya na mtu mmoja, maana maneno "haujabadilika sana" yakiandikwa mara tano mfululizo yanaweza kuficha uvimbe uliokua maradufu. Homoni ziandikwe kwenye mstari mmoja wa wakati. Ndipo ile tofauti niliyoanza nayo inapojitokeza, homoni ikipanda huku kichwani kumetulia.

Hapa maabara nayo ina mtego wake, na nausimulia kwa sababu umewahi kuwapotosha madaktari wazuri. Kipimo cha prolaktini hufanya kazi kwa kuibana homoni kati ya kingamwili mbili, kama kitu kilichoshikwa na koleo. Prolaktini ikiwa nyingi kupita kiasi, kila taya ya koleo inashika molekuli yake, hazikutani, na mashine inatoa namba ndogo. Mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa sana anarudishwa na jibu la prolaktini iliyopanda kidogo tu, na uvimbe wake unadhaniwa kuwa wa aina nyingine. Dawa yake ni kuizimua sampuli ya damu mara mia moja na kupima tena. Kazi ya dakika chache, lakini lazima mtu aiombe.

Tofauti ikishathibitika, au dalili mpya za mgongo, mifupa au shingo zikijitokeza, uwindaji unapanuka: MRI ya uti wa mgongo wote yenye dawa ya kung'arisha, kisha picha ya mwili mzima ya PET. Kuna PET inayotumia sukari yenye mionzi, inayong'aa penye chembe zenye njaa, na kuna inayotumia kitu kinachojishikiza kwenye vipokezi vya homoni iitwayo somatostatini, ambavyo chembe za pituitari nyingi huwa navyo. Hii ya pili ina kichekesho chake: pituitari yenye afya nayo hung'aa, hivyo mng'ao wa kichwani peke yake haukuambii lolote. Mng'ao kwenye ini au uti wa mgongo ndio wenye habari. Panapowezekana, kipande kinachukuliwa hapo na kulinganishwa na kile cha zamani kilichotunzwa kwenye nta. Bila kipande, mtu anaweza kutibiwa saratani ya pituitari kumbe ana ugonjwa mwingine kabisa wa ini.

Tiba inavyopangwa

Kwa kuwa ugonjwa ni nadra kiasi hiki, hakuna majaribio makubwa ya kulinganisha dawa na dawa. Mwongozo unaotegemewa, uliotolewa mara ya kwanza na Jumuiya ya Ulaya ya Endokrinolojia mwaka 2018, umejengwa juu ya ripoti za mgonjwa mmojammoja na makusanyo madogo, na wenyewe unakiri hivyo. Unachosisitiza kabla ya dawa yoyote ni kwamba mgonjwa ajadiliwe mezani na timu nzima: wa homoni, wa upasuaji wa ubongo, wa mionzi, wa saratani, wa patholojia na wa picha.

Upasuaji bado una nafasi, hata kama hautaponya. Njia ni ileile iliyotumiwa kwa mara ya kwanza na Hermann Schloffer mjini Innsbruck mwaka 1907, kupitia puani, isipokuwa yeye alilazimika kufungua pua yenyewe. Leo mgonjwa akishalala kwa nusu kaputi, kamera nyembamba inapitishwa kwenye tundu la pua hadi kwenye uwazi wa mfupa wa nyuma, ukuta mwembamba kama ganda la yai unasagwa, na hapo tezi iko mbele ya daktari bila ubongo kuguswa. Lengo linaweza kuwa kuokoa macho, kupunguza mzigo wa homoni, au kupata kipande kipya cha kupima. Kivimbe kilichobana uti wa mgongo nacho kinaweza kuondolewa ili miguu isipotee.

Mionzi huja kwa namna mbili: dozi ndogondogo za kila siku kwa wiki tano au sita, au dozi moja kubwa ya miale iliyolengwa kwa usahihi mkubwa, ufundi ulioasisiwa Stockholm na Lars Leksell. Dozi hiyo moja haiwezi kutumika uvimbe ukiwa umegusana na neva za macho, kwa sababu neva hizo hazivumilii dozi kubwa ya mara moja. Tatizo la wagonjwa hawa ni kwamba wengi wameshapigwa mionzi miaka iliyopita, na ubongo una kumbukumbu ndefu ya mionzi.

Dawa iliyobadilisha mambo inaitwa temozolomidi. Ilikuwa ikitumika kwa saratani za ubongo wenyewe, na mwaka 2006 zikatoka ripoti za kwanza za wagonjwa wa pituitari waliopata nafuu nayo. Ni kidonge. Mgonjwa anameza dawa ya kuzuia kichefuchefu, anasubiri, kisha anameza vidonge vyake tumbo likiwa tupu, mara nyingi usiku ili usingizi umpitishie ubaya. Siku tano anameza, siku 23 anapumzika, kisha duru nyingine inaanza. Dozi hukadiriwa kwa ukubwa wa mwili, miligramu 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kabla ya kila duru damu inapimwa, kwa sababu chembe sahani, zinazogandisha damu, na chembe nyeupe, za kinga, hushuka, na zikishuka sana duru inasogezwa mbele.

Ndani ya chembe, dawa hii inafanya jambo moja dogo: inabandika kipande cha kemikali kwenye DNA, kwenye herufi ya guanini. Chembe ikitaka kunakili DNA yake inasoma herufi vibaya, inajaribu kurekebisha, inashindwa, inakufa. Lakini chembe zina fundi wao, protini iitwayo MGMT, ambaye kazi yake ni kukibandua kipande hicho. Uvimbe wenye mafundi wengi hauisikii dawa. Wenye wachache huisikia. Kwa hiyo mtaalamu wa patholojia huombwa ahesabu MGMT kabla dawa haijaanza. Jibu hilo linasaidia kukadiria, lakini halitoshi kumnyima mtu dawa, maana wapo wenye MGMT nyingi waliopata nafuu hata hivyo.

Matarajio yawe ya kweli. Makusanyo makubwa ya Ulaya yaliyochapishwa mwaka 2018, yenye wagonjwa 166 wa uvimbe mkali au uliosambaa, yalionyesha kuwa uvimbe ulipungua au kutoweka kwa takriban asilimia 37 ya waliopewa temozolomidi kama dawa ya kwanza ya kemo. Theluthi nyingine ulisimama. Waliobaki ulizidi kukua. Uvimbe unaotoa homoni uliitikia kuliko usiotoa, na waliopewa pamoja na mionzi walifanya vizuri zaidi. Uamuzi hufanywa baada ya duru tatu: kama hakuna dalili ya kuitikia, dawa inasimamishwa. Kama ipo, inaendelea kwa miezi sita au zaidi. Kigumu ni pale inapofanya kazi, ikaachwa, na uvimbe ukarudi. Jaribio la pili la dawa hiyohiyo mara nyingi halifui dafu.

Baada ya hapo ramani inafifia. Mwaka 2018 iliripotiwa kwa mara ya kwanza mgonjwa wa uvimbe wa ACTH uliosambaa hadi kwenye ini, aliyepewa ipilimumabu na nivolumabu, dawa zinazofungulia kinga ya mwili breki zake, na uvimbe ukapungua sana. Uvimbe wake ulikuwa umejaa mabadiliko ya jeni yaliyojitokeza baada ya temozolomidi, na inadhaniwa wingi huo ndio ulioifanya kinga iutambue kuwa adui. Ripoti zilizofuata zimechanganyika, wengine wakinufaika na wengine la. Kinachonishangaza kila nikisoma habari hizi ni kwamba ipilimumabu yenyewe inajulikana kwa kuchochea kinga ishambulie pituitari yenye afya ya watu wanaotibiwa saratani nyingine. Tezi ileile, mara ni mhanga na mara ni chanzo. Bevasizumabu, inayokata njia za damu za uvimbe, nayo hutumika, na vilevile dawa zinazobeba mionzi hadi kwenye vipokezi vya somatostatini kwa uvimbe uliong'aa kwenye PET. Matokeo yake ni ya mgonjwa mmojammoja, na yasomwe hivyo.

Homoni zinaweza kuua kabla ya uvimbe

Hili ndilo jambo ambalo familia huelewa kwa kuchelewa. Katika uvimbe wa ACTH, mwili unafurika kotisoli: sukari inapanda, shinikizo linapanda, potasiamu inaanguka, misuli ya mapaja inayeyuka mpaka mtu hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Ngozi inachanika kama karatasi iliyolowa. Damu huganda miguuni na kukimbilia mapafuni, na kinga inalala kiasi kwamba nimonia inaweza kuingia bila homa. Kusubiri duru tatu za temozolomidi huku hali ikiwa hivyo ni kumwacha mgonjwa peke yake. Kotisoli inapaswa kushushwa sasa, kwa metiraponi inayoanza kazi ndani ya saa chache, kwa ketokonazoli, kwa osilodrostati, au, mgonjwa akiwa mahututi, kwa dripu ya etomidati katika chumba cha uangalizi maalumu. Zikishindwa zote, adrenali zinatolewa. Tumeshaona hatari ya kufanya hivyo kwa uvimbe wa kichwani, lakini kwa mtu ambaye uvimbe umeshasambaa na kotisoli inammaliza mwezi huu, hesabu hiyo inageuka.

Upande wa pili wa mizani ni upungufu. Kati ya visu, mionzi na uvimbe wenyewe, tezi yenye afya mara nyingi haibaki, na mgonjwa anaishi kwa homoni za vidonge: ya thairoidi, ya jinsia, na hidrokotisoni badala ya kotisoli. Hii ya mwisho haisahauliki hata kwa siku moja. Mwili wenye afya hujiongezea kotisoli wenyewe ukipata homa au jeraha. Huyu anapaswa kujiongezea kwa mkono, kwa kawaida dozi maradufu akiwa na homa. Siku za temozolomidi zikimletea kutapika hadi kidonge hakikai tumboni, anahitaji hidrokotisoni ya sindano na hospitali bila kungoja asubuhi. Ndiyo sababu wagonjwa hawa hubeba kadi au bangili inayotaja hali yao, na sindano hukaa nyumbani mahali ambapo kila anayeishi humo anapajua, huku angalau mmoja wao akiwa ameshafundishwa kuichoma kwenye paja.